Picha Si Pambo, na Mchonga Kibao Si Kibarua



Kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi tulionyamaza katika kikao cha mwisho cha chama chetu tumeona si vyema kuendelea kunyamaza. Siku ile ilizungumzwa habari ya akiba ndogo iliyopatikana kwa michango ya wanachama, itumiweje. Wengi walitaka vinunuliwe vitabu vya kusomea vilivyo tayari, kutoka nje ya nchi. Wachache tulitaka sehemu ya fedha hiyo itengwe kwa ajili ya kijitabu kimoja kitakachotungwa, kuchorwa, kuchongwa na kupigwa chapa hapa hapa Bujumbura. Mwenzetu mmoja, ambaye twamheshimu kwa umri na kwa elimu, akasimama akasema kwamba mtoto hujifunza kusoma maneno, na kwamba picha ni pambo tu. Watu wakacheka, na shauri likaahirishwa hadi kikao kijacho. Makala haya ni jibu letu kwake, na kwa wote waliocheka pamoja naye.

Tunafundisha Kiswahili katika mtaa wa Mutakura, kaskazini mwa jiji. Anayeujua mtaa huu ajua pia yaliyoupata. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwahamisha watu na kuwatenga majirani. Kisha mwaka 2015 nyumba nyingi zikafungwa tena, na jamaa wengi wakavuka mpaka kwenda Tanzania. Miongoni mwa watoto waliorejea baadaye alikuwamo mmoja aliyeingia darasani mwetu. Siku moja tulitoa zoezi lenye picha iliyonakiliwa kutoka katika kitabu cha kusomea: chombo cha baharini kilichotweka tanga. Picha yenyewe ilikuwa imenakiliwa mara nyingi hata ikawa weusi mtupu, isipokuwa pembetatu ya lile tanga. Chini yake palikuwa na swali: Hiki ni nini? Jibu lililotakiwa ni jahazi. Mtoto yule akaandika hema. Tukamtia alama nyekundu.

Baadaye, tulipomwuliza, alitueleza bila kinyongo kwamba kambini Nyarugusu waliishi ndani ya kitu chenye umbo lile lile. Mtoto huyo alikuwa akisema Kiswahili kuliko wenzake wote, kwani alikiokota huko huko ukimbizini. Umbo alilisoma, neno lake alilijua, akaliandika pasipo kosa la herufi hata moja. Tulichomwadhibia ni kwamba hajapata kuiona bahari. Nasi wenyewe, tukisema kweli, wengi wetu hatujapata kuiona. Ile alama nyekundu ilistahili kuandikwa penye jina letu.

Tangu siku hiyo hatuwezi kumsikia mtu akisema kuwa picha ni pambo, tukacheka. Pambo ni kitu ambacho ukikiondoa, kilichopambwa husalia kama kilivyokuwa. Ondoa picha katika kitabu cha mtoto wa darasa la tatu, uone kinachosalia. Kwa msomaji mchanga, picha ndiyo inayotangulia kulipa neno maana. Neno hufuata nyuma yake kama mtoto amfuatavyo mama sokoni. Anayemchorea mtoto ndiye mwalimu wa kwanza kuingia darasani, sisi huingia baada yake. Basi yatupasa kuuliza: mwalimu huyo ni nani, amezaliwa wapi, na alikuwa akimfikiria mtoto gani alipoishika kalamu yake?

Jaribuni kuuliza swali hilo mbele ya kabati lenu la vitabu. Mtaliona jina la mtungaji juu ya jalada. Mtaliona jina la shirika lililochapisha, na pengine orodha ndefu ya walioidhinisha. Jina la mchoraji mara nyingi limefichwa katika herufi ndogo za ukurasa wa nyuma, na mara nyingine halipo kabisa. Aliyepanga kurasa na kuzipiga chapa ndiye asiyetajwa kamwe, kana kwamba kitabu kilijizaa chenyewe. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Sisi twavisha pete mdomo unaosimulia, na chanda kinachofanya kazi twakiacha mtupu.

Wala jambo hili halikuwa hivyo tangu mwanzo wa Kiswahili kilichoandikwa vitabuni. Tutazame pwani, ambako wenzetu wanaosema Kiswahili kina wenyewe hupenda kututuma. Kabla ya viwanda vya Uholanzi kuanza kuleta kanga kwa meli mwishoni mwa karne ya 19, mafundi wa Zanzibar walikuwa wakipiga chapa nguo za wanawake kwa mkono, kwa vibao vya mbao vilivyochongwa na kutiwa rangi. Kanga, tukiitazama kwa jicho la mwalimu, ni ukurasa: ina pindo, ina mji, na hatimaye ikapata jina, yaani maneno yanayosomwa. Mwanamke wa Kiswahili alivaa picha na maandishi kabla binti yake hajafundishwa kusoma shuleni. Lakini viwanda vya mbali vilipoitwaa kazi ile, vibao vya Zanzibar vilinyamaza, na majina ya waliovichonga hatukuachiwa. Nguo iliendelea kuitwa yetu. Mkono ulioifanya haukuwa wetu tena.

Tuje kwenye vitabu. Mwaka 1864 misheni ya Kianglikana iitwayo UMCA ilihamia Zanzibar, akiwamo ndani yake Edward Steere, mtu aliyesomea sheria kabla ya kuwa padri, na ambaye tangu 1874 hadi kufa kwake mwaka 1882 alikuwa askofu. Steere twamjua kwa kitabu chake cha sarufi na kwa hadithi za Kiswahili alizozitoa London mwaka 1870. Lisilosemwa sana ni kwamba alikuwa pia mpiga chapa. Misheni ile ilikuwa na mtambo mdogo, na vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa kupanga herufi, kupaka wino na kukandamiza karatasi. Mmoja wao, Owen Makanyassa, jina lake limesalia katika habari za kiwanda kile. Wengine wengi wamesahauliwa. Mwaka 1888 likatoka huko Zanzibar gazeti la Msimulizi. Sultani Barghash naye alikuwa na kiwanda chake cha chapa katika mji ule ule, kilichotoa vitabu vya Kiarabu vya elimu ya dini. Na huko Tanga, mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya vita vya 1914 hadi 1918, shule ya serikali ndiyo iliyotoa gazeti la Kiongozi. Tunarudia kwa ajili ya wale waliocheka: shule, ndugu zetu, ilitoa gazeti.

Hatusemi kwamba mambo yale yote yalikuwa mema. Kiwanda cha misheni kilichapa alichokitaka askofu, na shule ya Tanga ilitumikia serikali ya kigeni. Kijana aliyetoka utumwani hakuulizwa kama angependa kuwa mpanga herufi. Hayo twayajua. Tunachokitaja ni umbali. Katika vyumba vile mwenye lugha, mwenye kutafsiri, mwenye kufundisha na mwenye kupiga chapa walikuwa hatua chache tu mmoja kutoka kwa mwenziwe. Neno likikosewa, lilisahihishwa wino ungali mbichi. Leo neno likikosewa katika kitabu tunachokinunua, au picha ikiwa ngeni kwa mtoto wa Mutakura, twamwandikia nani? Na barua yetu itafika baada ya matoleo mangapi?

Hata jiji letu lina historia ya wino. Mapadri Weupe walikuwa na Presses Lavigerie, iliyochapa vitabu na magazeti ya Kirundi na ya Kifaransa. Kiwanda cha nguo cha COTEBU, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilitoa vitambaa kwa miaka mingi kabla ya kusimama katika miaka ya 2000. Mtu asituambie basi kwamba Bujumbura haijui kupiga chapa. Bujumbura imechapa lugha nyingine, ikachapa na nguo. Ni kitabu cha Kiswahili kinachongojewa kishushwe kutoka garini.

Watasema: hizo zote ni habari za misheni, serikali na viwanda, fundi mmoja mwenye kisu na kipande cha mbao aweza nini? Tutawajibu kwa mfano wa Mbelgiji. Tumemchagua Mbelgiji makusudi. Wabelgiji waliiingia nchi hii mwaka 1916, wakaitawala hadi 1962, na mengi katika shule zetu, mema na mabaya, yana alama ya vidole vyao. Walituletea mfalme wao, mito yao na sarufi ya Kifaransa. Lakini katika miaka yote ya mafunzo yetu ya ualimu hatukulisikia hata mara moja jina la Frans Masereel.

Masereel alizaliwa Blankenberge, kando ya bahari, mwaka 1889, akakulia Ghent. Vita Kuu ya kwanza ilipokuwa ikiila Ulaya, alikuwa Geneva, katika Uswisi isiyopigana. Huko alijitolea kutafsiri barua kwa Msalaba Mwekundu, na tangu 1917 alichora katika gazeti la La Feuille michoro ya kulaani mauaji, huku magazeti ya nchi zenye vita yakiwasifu wauaji wao. Wakati huo huo alichukua vibao akavichonga. Mwaka 1918 akatoa picha 25 za mateso ya mtu mmoja maskini. Mwaka 1919 akatoa kitabu cha picha 167 kiitwacho Mon livre d'heures, kisicho na neno hata moja ndani yake: maisha ya mtu mjini, furaha yake na msiba wake, ukurasa kwa ukurasa. Mwaka ule ule yeye na mwandishi René Arcos wakaanzisha shirika dogo la kuchapisha vitabu, Éditions du Sablier. Hakungoja shirika kubwa limwite. Baadaye alichonga zaidi ya picha 600 kwa ajili ya riwaya ya Romain Rolland, Jean-Christophe. Na mwaka 1925 akatoa picha 100 za maisha ya mji mkubwa. Wafuasi wa Hitler walipotwaa Ujerumani walizipiga marufuku kazi zake, na majeshi yao yalipofika Paris mwaka 1940 ilimbidi akimbie. Alifariki Avignon, Ufaransa, mwaka 1972, akiwa bado ni mtu wa kibao na wino.

Tafakarini mambo mawili katika maisha hayo. La kwanza: vitabu vile visivyo na maneno vilisomwa na Mfaransa, Mjerumani na Mchina bila mfasiri. Darasani mwetu yuko mtoto anayeota kwa Kirundi, mwingine aliyelelewa Buyenzi kwa Kiswahili, mwingine aliyetoka Uvira, mwingine aliyerejea kutoka kambini, na Kifaransa kinawasubiri wote katika mtihani. Mpe kila mmoja picha sita zinazofuatana, umwambie asimulie. Utapata masimulizi ya Kiswahili ambayo hakuna zoezi la kujaza mapengo litakalokupa. Twasema hili kwa sababu tumelifanya.

La pili: mbegu ile ilisafiri. Mwaka 1933 mwandishi Lu Xun alitia dibaji katika chapa ya Kichina ya kitabu kimoja cha Masereel, kilichotolewa Shanghai. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1931, alikuwa ameitisha darasa dogo la vijana huko huko Shanghai wajifunze kuchonga picha katika mbao. Kwa nini mwandishi mkubwa, mwenye mzigo wa taifa zima akilini, ahangaike na vibao? Kwa sababu nchi yake ilikuwa maskini, wengi wake hawakujua kusoma, na kibao hakidai mtambo wa thamani. Kisu, wino na karatasi vyatosha. Je, sababu hizo ni ngeni kwetu sisi wa Burundi?

Na kama mfano wa mbali hautoshi, uko wa jirani. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, na humo alifanya kazi George Lilanga, Mmakonde aliyefariki mwaka 2005, aliyeanzia katika kuchonga vinyago kisha akaingia katika kuchora na kupiga chapa picha. Uganda yuko Fred Mutebi, ambaye jina lake limejengwa juu ya picha za rangi zitokanazo na kibao kilichochongwa, kikapigwa chapa, kikachongwa tena. Mkono wa kuchonga haujawahi kupungua katika nchi za Afrika ya Mashariki. Milango ya Zanzibar na ya Lamu yatoa ushahidi. Kilichopungua ni daraja kati ya mkono ule na kitabu cha shule.

Kazi yenyewe haina siri. Kuna namna mbili. Katika ya kwanza, ubao hupasuliwa kwa urefu wa mti, nyuzi zikienda sambamba, kisha hukatwa kwa kisu na patasi ndogo. Ndiyo aliyoitumia Masereel. Katika ya pili, gogo hukatwa kwa kukingama, ncha za nyuzi zikitazama juu, ukapatikana uso mgumu unaochorwa kwa kichuma chembamba chenye ncha kali. Ndiyo aliyoikuza Thomas Bewick wa Newcastle, Uingereza, ambaye kitabu chake cha ndege wa nchi yake kilianza kutoka mwaka 1797. Katika zote mbili, kinachokatwa hubaki cheupe, na kinachoachwa hupokea wino. Na kwa kuwa kibao hufanywa kimo kimoja na herufi za risasi, picha na maneno yaliweza kufungwa katika fremu moja na kupigwa chapa kwa pigo moja. Fundi wa picha na fundi wa herufi wakawa ndugu wa ukurasa mmoja.

Sisi tulijaribu. Jirani yetu, seremala wa Mutakura atengenezaye vitanda na viti, alitukatia vipande vya mpera. Mkalitusi tuliuacha, maana hupasuka. Mpera ni mgumu, na nyuzi zake zimekaribiana. Wino ulipakwa kwa kitambaa kilichokunjwa, na karatasi ikasuguliwa kwa mgongo wa kijiko. Siku ile umeme ulikuwa umekatika mtaani, nasi hatukuona tofauti yoyote. Yule mtoto wa hema, ambaye sasa amekuwa kijana, alichonga kwanza neno lenyewe, akaliandika juu ya kibao kama aliandikavyo daftarini. Lilipotoka karatasini lilitoka limegeuka, herufi ya mwisho ikiwa ya kwanza. Darasa likacheka, naye akacheka pamoja nao. Kisha wakakaa, bila kuambiwa na mtu, wakaanza kujadiliana ni herufi zipi zikigeuzwa hubaki kama zilivyo na zipi huharibika. B ikageuka d, na o ikabaki o. Tumefundisha maumbo ya herufi kwa miaka mingi. Hatujapata kuwaona wanafunzi wakiyatazama kwa makini kama siku ile.

Sasa tujibu hoja zilizotolewa, moja baada ya nyingine.

Husemwa: tumo katika zama za kompyuta, na picha hupatikana kwa simu kwa dakika moja. Ni kweli, wala hatuna ugomvi na mashine. Kijitabu chetu hakikatazwi kupangwa kwa kompyuta na kunakiliwa kwa mashine. Lakini picha ipatikanayo kwa dakika moja kutoka popote huwa imechorwa kwa ajili ya mtu yeyote, na mtoto wa Mutakura si mtu yeyote. Kadiri picha za bure zinavyozidi, ndivyo thamani ya picha iliyochorwa na mtu anayemjua mtoto inavyopanda. Ndagala wanaoanikwa kando ya Ziwa Tanganyika, baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi ikishuka mlima, bibi wa Buyenzi amejitanda kanga: vitu hivi vyangoja mchoraji aliyeviona.

Husemwa: Kiswahili ni cha pwani, sisi ni wapangaji tu. Hoja hii ndiyo inayotuudhi kuliko zote, kwa kuwa husemwa na walimu wanaolipwa mshahara kukifundisha. Kiswahili kimesemwa kando ya ziwa hili tangu enzi za misafara ya Ujiji. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na lugha hii inafundishwa katika shule zetu za msingi. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, wala haikuitangaza kuwa siku ya pwani. Mpangaji ni yule anayelala katika nyumba bila kupigilia hata msumari mmoja ukutani. Tukitaka kuacha upangaji, na tupigilie msumari.

Husemwa tena: fundi huyo atakula nini? Hii ni hoja ya haki, na hatutaikwepa. Mchonga kibao hali sifa. Seremala wetu alitukatia vipande vile bila malipo kwa ujirani, lakini ujirani haujengi kazi ya maisha. Kijana mwenye kipaji akiona kwamba mchoraji halipwi wala hatajwi, atakwenda kuendesha pikipiki, nasi hatutakuwa na neno la kumzuilia. Hapo ndipo lilipo shauri letu kwa chama. Anayedhani tunataka fedha ya michango ichezewe kwa sanaa hajatusikia. Tunataka iwe ujira wa kwanza wa kazi ambayo mjini petu imekosa mnunuzi.

Shauri letu ni hili. Karatasi moja kubwa ikikunjwa mara tatu hutoa majani 8, yaani kurasa 16. Na chama kitoe kijitabu kimoja cha kurasa 16, chenye masimulizi manane mafupi ya watoto na picha nane za kibao. Masimulizi yakusanywe na walimu wa mitaa ya jiji, kila mmoja shuleni kwake. Picha zichorwe na kuchongwa na vijana watakaoshindanishwa, wakisimamiwa na fundi wa mbao atakayelipwa siku zake zote za kazi. Chapa ipigwe na mpiga chapa wa hapa mjini. Na katika ukurasa wa kwanza, kwa herufi za kimo kimoja, yaandikwe majina ya wote: aliyetunga, aliyechora, aliyechonga, aliyepanga na aliyepiga chapa. Fedha itakayobaki, na inunue vitabu kutoka nje, hatuvikatai. Vitabu vya Dar es Salaam na Nairobi vimetulea sisi wenyewe. Lakini mtoto aliyelelewa vizuri hufika siku akapika chakula chake mwenyewe.

Huenda kijitabu hicho kitatoka na kasoro. Wino utakolea huku na kufifia kule. Kibao kimoja kitapasuka. Herufi fulani itasahaulika. Wenye kucheka watapata pa kuchekea. Vitabu vinavyotoka mbali navyo vina kasoro zake, ila hizo tumezizoea hata tukawatia watoto alama nyekundu kwa ajili yake. Kasoro ya kijitabu chetu tutaweza kuisahihisha wiki ile ile, kwa kutembea kwa miguu hadi kwa aliyeifanya na kumwambia.

Jambo la mwisho. Katika mtaa kama wetu, ambako jirani alipata kumwogopa jirani, watoto wanne wakiinamia kibao kimoja, mmoja akishika, mmoja akikata, mmoja akipaka wino na mmoja akisugua, hujifunza kitu ambacho hakimo katika mtaala wowote. Masereel alikichonga wakati wa vita akiwa peke yake. Sisi twaweza kukichonga pamoja, wakati huu ambapo watoto wamerudi na viti vya darasani vimejaa tena.

Basi, ndugu walimu, kikao kijacho shauri hili litarudishwa mezani, nasi hatutanyamaza. Tutakuja na vibao vyetu vya mpera, na karatasi, na kijiko. Anayeamini kwamba picha ni pambo na aje na kitabu chake kisicho na picha, tuketi naye mbele ya darasa la tatu la Mutakura, tuone watoto watakwenda upande upi. Na asiyekubaliana nasi hata baada ya hapo, na aishike kalamu atujibu katika kurasa hizi hizi. Tutamsoma kwa heshima, na aliyempigia chapa jibu lake tutataka jina lake liandikwe.